Ole Keju Amekuja, Baba

Baba,

Ole Keju amekuja.

Yule mzee uliyemngojea tangu tuhamie Kitengela, yule uliyetuachia wosia juu yake badala ya kutuachia baraka kama baba za watu wengine, amefika. Amekuja mchana peupe, jua likiwaka, na hakubisha hodi. Ameingia mpaka chumba chako cha kulala. Ameenda na kuku wote, na choo, na mahindi ya mama yaliyokuwa yamefika magotini, na lile jembe. Na si mzee, Baba. Si mtu hata. Ole Keju ni mto.

Nakuandikia kwa sababu kukuambia kwa mdomo nimeshindwa. Juzi nilisimama kaburini nikaanza vizuri, kwa adabu, nikajikuta napiga kelele, mpaka wachungaji waliokuwa wakipita na mbuzi wakasimama wakidhani nimeumwa na nyoka. Halafu Baba mdogo amepiga simu kutoka Bungoma. Anasema kuna jambo tunataka kulifanya na haliwezi kufanywa kabla wewe mwenyewe hujaambiwa, kwa sababu marehemu hafanyiwi mambo nyuma ya mgongo. Sawa. Nitakuambia. Lakini nitaanza mwanzo, na leo utaniacha nimalize, maana ulipokuwa hai hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumaliza sentensi.

Unakumbuka siku ile Parsaloi alikuuzia shamba? Mimi nakumbuka, nilikuwepo, nimekushikia koti. Ulikuwa umestaafu kule Magadi, umemaliza miaka yako ya ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha magadi, na ulikuwa umeapa kwamba hutakufa kabla ya kula sukuma wiki uliyoipanda kwa mkono wako. Nakuelewa. Huko Magadi mama alipanda maua kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia yakaiva badala ya kuchanua. Mtu aliyekaa kwenye joto lile akiona udongo mweusi lazima apagawe kidogo. Ilikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa kando ya barabara ya Namanga, nyasi nyeupe kila mahali, na wewe ukashuka mpaka chini kabisa kwenye lile bonde, penye miti miwili mitatu ya kijani, ukachota mchanga kwa viganja na kusema, "Nekesa, Mungu ametupa mchanga wa kujengea bure."

Mchanga, Baba! Mchanga katikati ya udongo mweusi! Ulifikiri nani aliuleta pale, mkokoteni?

Na Parsaloi alikuambia. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Watu wengine wameuziwa mashamba na matapeli, wewe uliuziwa na mtu mwaminifu ukamgeuza tapeli mwenyewe kwa masikio yako. Alisema, namsikia mpaka leo, "Mzee, mimi sitaki maneno kesho. Hii mahali ya chini ni ya olkeju. Saa hii hayuko, lakini akikuja anachukua yake." Sasa Kiswahili cha Parsaloi ni Kiswahili chetu sote wa huku bara, kila kitu ni mtu. Gari anakuja, mvua anakataa, jua anachoma. Na kwa Kimaa, olkeju ni mto. Lakini wewe ulisikia Ole Keju, kama Ole huyu na Ole yule, wazee wa heshima wenye ng'ombe na rungu. Ukamuuliza kama huyo mzee ni mkali. Parsaloi akasema akikasirika ni mkali sana. Ukauliza kama ana karatasi za shamba. Parsaloi akacheka, akasema hata kusoma hajui. Ukauliza alionekana lini mara ya mwisho. "Mwaka ya El Nino," akasema, "alikaa hapa mpaka sisi tukahama."

Ukafyonya. Nakumbuka ulivyofyonya. Ukamwambia Parsaloi ni aibu wanaume wazima kuhamishwa na mtu asiyejua kusoma, na kwamba wewe akija atakukuta. Juzi ndipo Parsaloi ameniambia alivyorudi nyumbani siku ile akamwambia mkewe, Mama Naisula, kwamba amepata jirani Mluhya, na huyo Mluhya ama ni dume kabisa ama ni mgonjwa.

Basi tukajenga. Nyumba chini, sukuma chini, choo chini, kila kitu chini pale karibu na mchanga wako wa bure. Na Ole Keju akawa mtu wa nyumbani kwetu kabla hajafika. Ulimwekea kiti chake, kile chenye mikono, kwa sababu ulisema adui akipewa kiti kizuri hupoteza maneno. Mama akiuliza tutamfanya nini akija na wanawe, ulikuwa na jibu moja tu: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Ukanunua na jembe kabisa, jipya, ukaliegemeza nyuma ya mlango. Haya. Hakungoja siku ya tatu. Amelichukua siku ya kwanza, mpini na chuma.

Halafu ukaenda Kajiado siku moja kufuata mambo ya shamba, ukarudi. Umekaa, umekunywa chai, ndipo ukasema, "Hawa watu ni wakubwa. Nimeona jina lao limeandikwa kwenye ubao: Olkejuado. Wilaya nzima imeitwa kwa ukoo wao." Tukaogopa na sisi! Mimi binti yako, ninayeuza dawa za mifugo na kusalimiwa "Supa" kwa Kimaa kutwa nzima, niliogopa ukoo wa Keju. Olkejuado ni mto mrefu, Baba. Wazungu walishindwa kulitamka wakasema Kajiado. Jina la mahali tunapoishi lilikuwa limekuambia kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi, na wewe ukaenda kuongeza waya kwenye ua.

Na kila ukikutana na Mama Naisula, heshima zako zote: "Ole Keju hajambo? Hamjasikia habari zake?" Naye, mama wa watu, anakujibu, "Bado. Labda masika." Alidhani ndivyo Waluhya wanavyoulizia mvua. Ananiambia wakati mwingine alikuwa anawatuma watoto wake wasikilize unavyoiuliza, kwa sababu hakuwahi kuona mzee anayesalimia mto kwa adabu vile.

Mpaka hapo ningecheka. Mungu anajua ningecheka mpaka nianguke. Lakini ukaugua, na badala ya kutuuliza tutaishi vipi, ukaanza kupanga vita. Mama akikupa uji, Ole Keju. Pasta akija kuomba, Ole Keju. Ukasema kaburi ni hati ambayo haichomeki wala haiibiwi, na kwamba mtu hawezi kudai shamba lenye mfupa wa mwenyewe. Ukatuapisha. "Nizikeni pale chini, kwenye mchanga, njia anayotokea. Akija anikute mlangoni." Baba mdogo alikuja na gari kukupeleka Bungoma ulale na baba yako na babu yako, watu wakatukanana hapo uani mpaka majirani wakaja kutuamua, na mama, mama asiyewahi kukupinga wala kumpinga mtu, akasimama na kusema, "Amesema hapa." Tukakuzika hapa. Wachimbaji walisifu udongo kwa kuwa laini. Parsaloi alinikaribia ameshika kofia mkononi, akaniuliza polepole, "Mnamweka kwa olkeju?" Nikamjibu kwa kiburi, mimi mtoto wa baba yangu, "Ndiyo. Ndivyo alivyotaka." Akanipa pole. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Sasa sikia alivyokuja. Pale kwetu hakukuwa kumenyesha hata tone. Mvua ilikuwa imepiga huko juu, upande wa Ngong. Mimi nilikuwa dukani. Mama alikuwa anachambua maharagwe, akasikia watoto wa Mama Naisula wakipiga kelele kutoka juu ya mteremko, "Olkeju! Olkeju anakuja!" Unajua alifanya nini? Aliingia ndani akafunga kitambaa kizuri kichwani, kile cha kanisa. Akatoa kile kiti nje kidogo, kwenye kivuli. Akaweka thermos na vikombe viwili. Akatoa bahasha ya karatasi za shamba, akaiweka mapajani, akakaa kungoja mgeni wako. Ananiambia moyo ulikuwa unampiga lakini alijiambia, huyu mzee asinikute nimechafuka, Baba Nekesa angeona aibu.

Mama Naisula alimkuta hivyo. Alikimbia kushuka akidhani mama ameshatoka, akakuta mtu ameketi na vikombe. "Mama, unangoja nani?" Mama akasema, "Si mmesema anakuja?" Mama Naisula alimkamata leso akamkokota kama mbuzi, mama akilalamika kwamba mgeni atakuta nyumba haina mtu, na walipofika kwenye mawe ndipo mama akageuka. Kile kiti kilienda kwanza. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, na miti mizima ndani, na mbuzi wa watu, yakapita juu ya vikombe, yakafungua mlango wetu yakaingia. Mama akasimama pale na kitambaa chake cha kanisa, bahasha kifuani. "Khane," akasema, ile kumbe yetu ya Kiluhya. "Khane ni mto."

Nilipofika jioni Parsaloi alikuwa ameshaelezwa. Alicheka, Baba, sitakuficha, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainua macho akaona kaburi lako pale kwenye maji, msalaba umeshakwenda, akaacha. Alivua shuka lake akamfunika mama mabegani.

Hayo ndiyo yaliyopita. Sasa sikia yaliyopo, kwa sababu hapa ndipo nina hasira na wewe ya kweli, ile nyingine ilikuwa ya mdomo tu.

Maji yalishuka kesho yake. Mama akarudi. Nyumba ina tope mpaka kwenye dirisha, ukuta wa jikoni umepasuka, naye amerudi na kijiko na karai anakwangua. Mto umelila kaburi lako upande mmoja. Ukisimama vibaya unaona ubao wa jeneza. Kila asubuhi mama anajaza udongo, na kila ikinyesha juu, Ole Keju anapita na kuutoa. Mama anajaza tena. Masika ndiyo kwanza imeanza. Parsaloi amehamisha mbuzi zake, wanawe, hata mabati, amepanda juu kwenye mawe. Amempigia mama magoti, mwanaume mzima, aende nao. Mama amekataa. Mimi nimempangia chumba kwangu mjini, kitanda kimetandikwa, shuka ni zile za maua anazopenda. Amekataa. Tumeleta pasta. Amemwandalia chai na kukataa.

Nikasema basi tukutoe wewe. Tukupeleke Bungoma, Baba mdogo amekubali, amesema hasira zimekwisha na nafasi yako ipo pale pale kando ya baba yenu. Wachimbaji wakaja wakaingiza koleo, mchanga ukabomoka, shimo likajaa maji wakitazama. Wamesema huwezi kuguswa kabla ya kiangazi. Mkijaribu sasa, wakasema, mtazika na sisi. Kwa hivyo wewe utakaa hapo masika yote. Na mama anasema kama wewe unakaa, yeye anakaa.

Nilimfokea. Nilimuuliza unalinda nini pale, mifupa? Akaniangalia bila hasira, akaniambia habari ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwako, kwa sababu wewe ulisimulia vita tu. Ati mwaka niliozaliwa, masika, lile ziwa la Magadi ambalo mwaka mzima ni chumvi nyeupe lilijaa maji mpaka likafunika njia. Mlikuwa ng'ambo, mmetoka kuona mtu. Mama alikuwa mzito na mimi. Ukavua viatu, ukamning'inizia shingoni avishike, ukambeba mgongoni, ukapita naye kwenye maji yale ya magadi yanayochoma kama pilipili. Ulikuwa unamwimbia wimbo wa kanisa, vibaya, ili asilie. Ngozi ya miguu ilikutoka yote, ukaenda kazini hivyo hivyo umefunga matambara. "Alinibeba," mama akasema. "Sasa mimi nimwache peke yake na maji?"

Nilitoka nje nikapiga teke karai lake.

Lakini nimekaa na swali lake, na jibu nimelipata, na jibu lenyewe ni lako wewe kulitoa, si langu. Ulimbeba ili atoke majini. Hukumbeba ili aje alipe kwa kurudi. Ule mgongo ulikuwa wa bure. Mwambie hivyo. Mimi nikimwambia anasikia mtoto anayeropoka, maana hajawahi kutoka nyumbani kwako bila kukuaga, hata kwenda posho mill alikuwa anakuuliza, na wewe unamkazia macho kwanza halafu ndio unasema nenda. Baba mdogo ndiye aliyenielewesha hili kwenye simu. Alisema, "Huyo si mkaidi. Anangoja ruhusa."

Kwa hivyo hilo ndilo jambo. Kesho baada ya kanisa tutakuja pale kaburini, mimi, mama, Mama Naisula na mumewe, nami nitasoma barua hii kwa sauti, yote, hata palipo na aibu. Mama atakuwa amekaa kwenye kile kigoda cha jikoni. Nikimaliza nitakusomea ombi: mruhusu mama aondoke, akuache hapa na maji mpaka kiangazi. Si kwamba amekusahau. Ni kwamba yeye anapumua.

Na kwa vile nakujua, nimeamua nikuulize leo kwanza, mimi na wewe peke yetu, usije ukaniaibisha mbele za watu. Niko hapa kwenye ngazi ya nyumba yako, mawingu yamekaa upande wa Ngong. Kama unakataa, Baba, sema. Piga radi. Angusha bati. Nimeweka kalamu chini nikangoja.

Nasikia vyura. Nasikia mama jikoni anakwangua tope, anakohoa, anakwangua.

Basi. Mbele ya mashahidi nitasema baba amenyamaza, na mzee akinyamaza ameitikia. Ukitaka kulalamika, ungelalamika sasa hivi.

Nami nakuahidi hivi, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo. Mchanga ukikauka nitakuja na wachimbaji, nisimame hapo mwenyewe mpaka utoke. Nikikukuta nitakupeleka Bungoma, na safari nzima nitakufokea. Nisipokukuta, nitajua mmeondoka wote wawili, wewe na huyo mgeni wako, kuelekea Athi na huko mbele baharini, mkibishana juu ya shamba. Nitalia sana. Lakini sitashuka majini kukutafuta, wala sitamruhusu mtu wa kwetu ashuke. Baba nilikuwa na mmoja na mama niko na mmoja, na mmoja tu ndiye ninayeweza kumtoa.

Nakupenda, mzee mbishi. Sijakuambia hivyo nikiwa nimekasirika namna hii, kwa hivyo ujue ni kweli. Lala.

Kesho tukianza kupanda mteremko, mama atageuka aangalie nyuma. Namjua, lazima atageuka. Baba, tafadhali, usimwite.

Binti yako,
Nekesa